Zambarau Ndani ya Ufa

Kila asubuhi saa moja, kabla jua halijaruka paa la kiwanda kilichofungwa, Ning aliteremsha kopo lake refu la plastiki ndani ya kisima namba saba, akalivuta kwa kamba, akayamimina maji kwenye glasi. Kisha aliisogeza glasi karibu na chupa sita ndogo alizozipanga juu ya ubao. Chupa ya kwanza ilikuwa na maji meupe kabisa. Ya mwisho ilikuwa zambarau nzito kama ganda la biringanya. Aliandika namba ya chupa iliyofanana na glasi, akasuuza kopo, akaelekea kisima namba nane. Visima vilikuwa kumi na viwili. Aliipenda kazi hiyo kwa sababu haikumlazimisha kuzungumza na mtu.

Jumatatu hiyo hakufika namba nane.

"Nyie! Nyie wa dawa! Njooni muone mlichokifanya!"

Ilikuwa sauti ya Bibi Chung, jirani wa upande wa pili wa ukuta. Ning aliiacha glasi kwenye nyasi, akapenya kwenye tundu la ukuta uliobomoka, akakimbia hadi kwenye bustani ya mboga. Katikati ya tuta la haradali, zile mboga ambazo bibi huzitia chumvi kwenye mitungi kila majira ya baridi, ardhi ilikuwa imepasuka ufa mrefu kama mpini wa jembe. Maji ya zambarau yalikuwa yakibubujika humo. Bibi Chung alikuwa amepiga magoti, anausukumia udongo ndani ya ufa kwa mikono mitupu.

"Toa mikono, bibi! Inaunguza!"

"Inaunguza nani? Mimi au haradali yangu?"

"Wote wawili! Kaka Hsiung!" Ning aligeuka na kupiga ukelele ambao hata yeye hakuuzoea. "Kaka Hsiung, zima pampu!"

Mngurumo wa pampu ulikatika. Punde A-Hsiung, mchimbaji wa eneo hilo la kazi, alitokea kwenye tundu la ukuta, shavu moja limevimba kwa tambuu. Aliutazama ufa, akautazama ukuta, akapima umbali kwa macho.

"Imetokea huku? Lo! Kutoka kwenye bomba letu la dawa mpaka hapa ni hatua arobaini."

"Uliongeza presha?"

"Mhandisi alisema leo tumalize mabomba matatu badala ya mawili. Udongo wa mfinyanzi nao haukutaka kunywa. Nikaubembeleza kidogo."

"Uliubembeleza na nini?"

"Na pampu," alisema A-Hsiung, akatema mate mekundu pembeni, mbali na mboga, kwa heshima.

Ning alimkalisha bibi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Mikono ya bibi kizee ilikuwa imegeuka kahawia iliyoiva, kama mtu aliyeshinda akimenya maganda ya njugu mbichi. Ning alitoa mfukoni pakiti ya unga mweupe, akaukoroga kwenye bakuli la maji, akaanza kuviosha vidole kimoja kimoja. Kahawia ilififia, ikayeyuka, ngozi ikarudi.

"Uchawi gani huu tena?"

"Ni vitamini C tu, bibi. Ile ya mafua. Inaikata dawa nguvu palepale."

"Kwa hiyo dawa inayoua sumu, yenyewe inauawa na dawa ya mafua." Bibi Chung alicheka, mapengo yake yote yakaonekana. Kisha akaacha kucheka. "Sasa niambie, binti. Hii dawa yenu inauingia udongo kweli, au inatafuta upenyo ikajipitia zake?"

Ning alifungua kinywa. Shingo ilipata moto, kama ilivyopata siku zote mtu alipomtazama akisubiri jibu.

"Nitauliza, bibi."

"Umesoma chuo miaka minne ili uulize?"

Hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini bibi alitaka kujua. Kwa miaka thelathini kiwanda kile kilikuwa kikiosha vipande vya chuma kwa kiyeyusho chenye harufu tamu, na kila kilichobaki kilimwagwa kwenye shimo nyuma ya jiko la wafanyakazi. Kiwanda kilifungwa, wenye mali wakatoweka, na wilaya ikaja kukipiga kisima cha Bibi Chung kifuniko cha chuma chenye boliti nne. Hiyo ilikuwa miaka kumi na moja iliyopita. Tangu hapo alitumia maji ya bomba, na tangu hapo, kwa maneno yake, haradali yake ya mtungini ilinuka bwawa la kuogelea. Sasa kampuni ya Mhandisi Kuo ilikuwa imepewa kazi ya kusukuma pamanganeti, ile dawa ya zambarau, ardhini ili ikiunguze kile kiyeyusho. Ijumaa kungekuwa na mkutano. Mkutano ukisema maji ni safi, boliti zingefunguliwa, na Jumamosi asubuhi bibi angekunywa.

Ning alirudi upande wa kiwandani, akasimama mbele ya mtambo wa kuchimba. A-Hsiung alikuwa akipanga upya pakiti ya kijani ya vitafunio vya mahindi juu ya injini, ile ambayo mafundi huiweka ili mashine iwe na adabu. Aliikagua tarehe ya nyuma, maana mashine hukasirika ikipewa kilichoisha muda.

"Kaka, nichimbie sampuli ya udongo, bomba moja. Upande wa bustani, sentimita hamsini kutoka kwenye ule ufa."

"Kwenye ratiba halipo."

"Najua."

"Mhandisi akiuliza?"

"Mwambie nimekulazimisha."

A-Hsiung alimtazama msichana huyu ambaye hunong'ona anapoagiza tambi, na ambaye akiletewa zisizo zake huzila bila kusema neno. Aliangua kicheko hadi akajishika kiuno. "Wewe? Unilazimishe mimi? Hilo nikilisema watanipima pombe!" Lakini aliwasha injini.

Baada ya nusu saa bomba la plastiki lilikuwa limelazwa juu ya meza, limepasuliwa katikati kwa urefu wake. Ning aliinama. Mita tatu za juu zilikuwa mchanga, na mchanga wote ulikuwa wa zambarau, umeloa hadi ndani. Kisha ulianza mfinyanzi, wa manjano iliyochanganyika na kijivu, umeshikamana kama sabuni. Ulikatwa na ufa mmoja mwembamba kama uzi. Kuta za ufa zilikuwa kahawia. Kahawia ile ilikuwa na unene wa ukucha, basi. Baada ya ukucha huo mfinyanzi ulikuwa wa manjano na kijivu vilevile, kana kwamba hakuna aliyewahi kuugusa.

Alikata donge kwa kisu, mbali na ufa, akalivunja mikononi. Harufu ikampiga puani, tamu, kama embe lililolala chini siku nyingi. Alisogeza kipimo cha mvuke wa sumu, namba zikapanda. Ishirini. Tisini. Mia tatu na arobaini.

"Kipimo kimeharibika," alisema A-Hsiung.

"Hakijaharibika." Ning alizungumza bila kuinua macho, na kwa kuwa alikuwa akiuzungumzia udongo, maneno yalimjia bila shida. "Kwenye mchanga maji yanatembea, kaka. Kwenye mfinyanzi hayatembei. Kitu kinalowea tu, polepole, kidogo kidogo. Sumu ilipewa miaka thelathini kulowea. Sisi dawa tumeipa miezi mitatu. Na huu mfinyanzi wenyewe una majani yaliyooza humo, ya zamani kabisa, na dawa inapoingia inaanza kuyaunguza hayo. Inaishiwa nguvu kabla haijaikuta sumu. Tukisukuma zaidi, mfinyanzi haunywi. Unapasuka. Ukipasuka, dawa yote inakimbilia kwenye ufa."

"Na kutokea kwenye mboga za watu."

"Na kutokea kwenye mboga za watu."

A-Hsiung alikuna kichwa. "Miezi mitatu tunapaka mlango rangi, kumbe mwizi yuko chumbani anakula." Halafu akauliza, bila ubaya wowote, kama mtu anayeuliza saa: "Sasa zile sifuri zako zimetoka wapi?"

Ning alikaa chini. Sifuri zake. Wiki iliyopita alijaza vichupa kumi na viwili, kimoja kwa kila kisima, akavituma maabara, na maabara ikarudisha sifuri kumi na mbili. Karatasi zilikuwa na jina lake. Kama mfinyanzi ulikuwa umeshiba hivi, lazima ulikuwa ukivujisha sumu mchangani kila siku, na walau kisima kimoja kingeionyesha. Alikodolea macho mikono yake mwenyewe, iliyochafuka kahawia kwenye kucha, na mkono mmoja ukaenda mfukoni kutafuta ule unga mweupe. Ukaishia hapo hapo, umeikamata pakiti.

Vichupa vile vilikuwa na maji ya zambarau. Aliyachota, akafunga kifuniko, akavitia kwenye boksi la barafu, na safari ya maabara ikachukua usiku kucha. Mle ndani dawa na sumu zilifungiwa chumba kimoja, bila mfinyanzi wa kujifichia. Usiku kucha dawa iliendelea kula. Asubuhi maabara ilifungua kichupa kisicho na kitu. Ilitakiwa atie ule unga palepale kisimani, kiasi cha kushikwa kwa vidole viwili tu, ili dawa ife na sumu ibaki ikapimwe kama ilivyo.

Orodha ya kazi iliyobandikwa ukutani haikuwa na mstari huo. Ilinakiliwa kutoka kwenye kazi nyingine, ya kituo cha mafuta, ambako hawakutumia dawa bali walipuliza hewa. Ning aliigundua kasoro hiyo wiki yake ya kwanza. Katika mtihani wa chuo alilijibu swali hilohilo. Lakini siku ile Mhandisi Kuo alikuwa na wageni, wakicheka kwa sauti kubwa, na yeye alisimama mlangoni dakika tano nzima, kisha akaondoka. Kesho yake aliona haya kuuliza jambo ambalo angepaswa kuliuliza jana. Hivyo hivyo mpaka wiki zikawa miezi.

Aliinuka. Kutoka kisima namba saba alijaza vichupa viwili, kimoja kikiwa na unga, kingine hivi hivi. Akapanda pikipiki yake ndogo, akavipeleka mjini mwenyewe, na kwa mara ya kwanza maishani mwake aligoma kuondoka dirishani mpaka karani alipoandika neno *haraka* juu ya fomu.

Majibu yalikuja Alhamisi. Kichupa kisicho na unga: sifuri. Kichupa chenye unga: mara tisa ya kiwango kinachoruhusiwa.

Alhamisi ilikuwa tarehe kumi na sita ya mwezi mwandamo, siku ambayo kila mwenye biashara hutandika meza ya sadaka mbele ya mlango wake. Mhandisi Kuo alikuwa ameshatandika ya kwake mbele ya kontena la ofisi: machungwa, biskuti, sahani ya karanga, soda. Alikuwa ameshika udi mikononi Ning alipomfikia. Alimaliza kuinama mara tatu, akauchomeka udi, ndipo akaipokea karatasi. Aliisoma mara mbili.

"Umepeleka sampuli bila kuniambia?"

"Ndiyo, Mhandisi."

"Nani kakuruhusu?"

"Hakuna."

Kuo aliikunja karatasi katikati, kisha akaikunja tena. Hakuwa mtu mbaya. Msimu wa kimbunga alimvua Ning koti lililokuwa likivuja, akampa la kwake, akalowa yeye. "Sikiliza, Ning. Mkataba unasema maji ya kisimani. Hausemi udongo. Hakuna aliyetutuma kuupima udongo."

"Haya ni maji ya kisimani."

"Ya kisima kimoja! Kesho nikisimama niseme bado, unajua kitatokea nini? Watatufukuza, walete wengine watakaomwaga dawa juu ya nyasi, wapige picha, waondoke. Unataka hilo?"

"Sitaki."

"Basi?"

"Hilo sitaki, na hili sitaki."

"Mwaka kesho tutarudi kupima. Tukikuta kitu, tutaongeza dawa. Ndivyo kazi hizi zinavyokwenda kila mahali."

"Na mpaka mwaka kesho Bibi Chung atakunywa nini?"

"Nani amesema atakunywa? Maji yale ni ya mboga."

"Mboga zinaliwa na nani, Mhandisi?"

Kuo aliisogeza sahani ya karanga pembeni. Aliweka fomu ya uthibitisho mezani, katikati ya machungwa na biskuti, akaweka kalamu juu yake. Mahali pa sahihi palikuwa chini ya maneno *aliyechukua sampuli*. Ning alitazama pale. Jivu la udi liliangukia karatasi, likavunjika.

"Sitii sahihi."

Alilisema kwa sauti ndogo kiasi kwamba Kuo ilibidi ainamishe kichwa.

"Sawa," alisema Kuo hatimaye. "Nitatia mimi kama msimamizi. Kesho wewe utakaa nyuma, na hutasema neno. Si jambo gumu kwako. Hilo ndilo unaloliweza kuliko mtu yeyote hapa."

Maneno hayo yalimwingia kuliko kama angemfokea. Alirudi kisimani akaendelea kuosha makopo, na kila alipokumbuka aliyasugua kwa nguvu zaidi.

Ijumaa saa nane mchana ukumbi wa kitongoji ulijaa. Viti vilikuwa vya plastiki, vyekundu, na feni mbili zilizunguka bila faida. Mbele alikaa afisa wa mazingira wa wilaya, mwanamke mwenye miwani mizito, mhuri wake umelala juu ya kitambaa. Mhandisi Kuo aliwasha projekta na ramani ikatokea ukutani: kiwanda, ukuta, bustani, na juu yake doa la zambarau likikua mwezi hadi mwezi mpaka likafunika kila kitu. Watu waligunaguna kwa kuridhika. Lilikuwa doa la kupendeza. Lilionyesha visima tu, mahali mchanga ulipo, lakini hakuna mtu anayechora ramani ya kile ambacho dawa haijakifikia.

Ning alikuwa safu ya mwisho, karibu na mlango. A-Hsiung alisimama nje kidogo, akitafuna.

Bibi Chung alinyanyua mkono, hakusubiri aitwe. "Mimi nina swali fupi. Kesho nije na spana, au nisije?"

Ukumbi ulicheka. Kuo naye alitabasamu. "Bibi, visima vyote kumi na viwili ni sifuri."

"Hivyo kumi na viwili ni vyenu. Nimeulizia changu."

"Maji ni yaleyale, bibi."

"Kama ni yaleyale, nifungue au nisifungue? Neno moja tu. Mbona unanizungusha kama jiwe la kusagia?"

Kuo alikohoa. Ning alimwona akitazama chini, kwenye viatu vyake, kwa muda wa pumzi moja. "Unaweza kufungua."

Afisa aliinua karatasi, akaisogeza karibu na miwani. "Kabla sijagonga mhuri. Hapa naona sahihi ya msimamizi. Lakini aliyechukua sampuli ameandikwa Yeh Ning, na mahali pake ni patupu. Yeh Ning yupo?"

Vichwa viligeuka safu kwa safu, kama mashuke ya mpunga upepo unapopita. Ning alisimama, kiti chake kikaanguka kwa kishindo.

"Samahani," alisema, akikiambia kiti.

Watu walicheka tena. "Ana haya sana huyu," alisema Kuo haraka. "Afisa, niulize mimi, nitajibu."

"Ana haya, si bubu!" Bibi Chung alikuwa amegeuka mzima kwenye kiti chake. "Mwache mtoto aseme."

Shingo ya Ning iliwaka, masikio yakawaka. Alijua kwamba akikaa chini sasa, hakuna atakayemlaumu. Wangesema tu, masikini, na mhuri ungegongwa. Aliutazama mhuri. Akaanza kutembea kwenda mbele. Nyuma yake alisikia buti nzito: A-Hsiung alikuwa ameingia, amebeba kwapani kipande cha lile bomba la plastiki lililopasuliwa kama mtu aliyetoka kununua muwa. Alilitua juu ya meza ya afisa bila kuombwa, mfinyanzi juu, harufu tamu ikapanda, na afisa akavua miwani.

"Hii haipo kwenye ratiba, Mhandisi," alisema A-Hsiung. "Najua. Amenilazimisha."

"Ning," alisema Mhandisi Kuo kwa sauti ya chini, karibu ya kuomba. "Fikiria vizuri."

Ning alimfikiria. Alilifikiria na lile koti. Kisha akampa afisa mgongo, ambalo ni jambo la kukosa adabu, kwa sababu hakuwa akitaka kuongea na mhuri. Alimtazama Bibi Chung usoni.

"Usifungue, bibi," alisema. Sauti ilitoka ndogo. Akavuta pumzi, akaanza upya, na safari hii feni hazikuimeza. "Usifungue kisima chako. Zile sifuri ni za uongo, na uongo wenyewe ni wangu. Nilijaza vichupa vile kwa mkono huu, na tangu wiki ya kwanza nilijua kuna hatua imerukwa, nikanyamaza kwa sababu niliona haya kuuliza. Sumu bado imo kwenye mfinyanzi, chini ya haradali yako, chini ya ile ndoo uliyoikalia Jumatatu. Kazi hii haijaisha. Sitii sahihi leo, sitatia kesho, na atakayetaka kunitoa hapa kabla haijaisha itabidi anibebe."